Papa ya Nani

Maji ya baridi yana harufu. Watoto waliozaliwa hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, kando ya ziwa lenye maji ya uvuguvugu, hawaniamini ninapowaambia hivyo, lakini mimi niliyezaliwa katika milima ya Kivu Kusini naijua harufu hiyo kama ninavyoijua harufu ya nguo za mama yangu. Ni harufu ya jiwe lililopasuliwa sasa hivi, kali, inayopanda puani hadi machozi yakakulenga. Miezi ya kiangazi, ambayo kule juu ndiyo miezi ya baridi, nyasi ziliamka zimepakwa weupe wa jalidi, maziwa ya ng'ombe yalipungua, na mto uliokuwa ukinguruma wakati wa mvua ulishuka ukawa angavu kama kioo. Hapo baba alichukua kamba ya kufungia ng'ombe, akaizungusha begani, akasema twende tukatafute mboga.

Mto wetu uliteremka mlimani kwa ngazi ngazi: dimbwi, kisha poromoko, kisha dimbwi jingine. Samaki walikuwa kambale wadogo wa mawe, wasiozidi urefu wa kiganja, na wakati wa baridi walijificha chini kabisa, kwenye nyufa za miamba. Hawakufuata chambo. Ilibidi mtu aingie hadi kifuani, apapase chini ya mawe kwa mgongo wa mkono, na akimgusa samaki ambane kwenye mwamba kabla hajachomoka. Mawe yalikuwa na utelezi, na kila dimbwi lilikuwa na mdomo ambapo maji yalimwagikia chini penye miamba mitupu. Lakini kuteleza hakukuwa hatari iliyoogopwa zaidi, kwa sababu anayeteleza hupiga kelele. Iliyoogopwa ni baridi ile ambayo, baada ya kuuma sana, huacha kuuma. Mtu hujisikia vizuri, husahau kwa nini aliingia majini, na miguu humwacha bila kuaga.

Kwa hiyo palikuwa na utaratibu. Anayeingia majini alifungwa kamba kiunoni. Ncha ya pili ilizungushwa kwenye shina la mti ukingoni na kushikwa na mtu mwingine. Kila baada ya muda mfupi mwenye kamba aliuliza swali moja. Mtoto aliulizwa ni mtoto wa nani. Mtu mzima, kwa kuwa kwetu baba haitwi kwa jina lake bali kwa jina la kifungua mimba wake, aliulizwa: papa ya nani? Akikawia kujibu, au akikosea, unavuta. Huulizi mara ya pili.

Kifungua mimba nilikuwa mimi. Jina langu ni Furaha, na baba yangu alikuwa Papa ya Furaha kwa kijiji kizima. Ilikuwa hivyo hadi mwaka aliokuja kwetu Bahati, mtoto wa marehemu kaka yake baba, aliyenizidi mwaka mmoja hivi. Tangu siku ya kwanza alimwita baba yangu Papa, tena bila kusitasita, kama mtu anayeketi kwenye kiti chake mwenyewe. Kwa desturi zetu hakukosea. Mtoto wa kaka ni mtoto. Lakini mimi nilihesabu kila kitu. Nilimwona baba akimkanda miguu karibu na moto kabla ya kukanda yangu. Nilimwona akimshika mkono na kuupitisha chini ya jiwe, amwonyeshe namna ya kupapasa, huku mimi nikiwa ukingoni na kamba mikononi.

"Na mimi niingie, Papa," nilimwomba asubuhi moja.

"Wewe ushike kamba. Kamba inatakaka mutu mwenye akili."

Bahati alicheka. "Dada Furaha ni muchungaji. Anachunga ng'ombe bawili ndani ya mayi."

Nilimchukia kwa neno lile. Nilimchukia pia kwa sababu lilikuwa neno la kuchekesha, na baba alikuwa amecheka.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya ukungu. Baba alikuwa ameshuka kwenye dimbwi la chini, karibu na mdomo wake, kwa kuwa madimbwi ya juu yalikuwa yameishiwa samaki. Bahati hakuwa amefungwa. Alisimama kwenye maji ya magotini pembeni mwa baba, akipokea samaki na kuwatia kapuni. Mara tatu nne niliuliza, na mara zote jibu lilikuja haraka, hata kwa uchovu wa mtu anayesumbuliwa. Kisha nikauliza tena.

"Papa ya nani?"

Maji tu. Halafu sauti ya baba, taratibu, kama ya mtu anayejibu usingizini: "Papa ya Bahati."

Bahati aliangua kicheko. "Umesikia? Leo niko mutoto wa kwanza."

Hata leo naweza kuionyesha sehemu ya kifua changu ambapo jibu lile liliingia. Sikufikiri juu ya baridi. Sikukumbuka kanuni. Nilichojua ni kwamba jina langu lilikuwa limetolewa na kupewa mwingine, mbele ya macho yangu, na yule aliyepewa anacheka. Nikaikumbatia kamba na kujitupa nyuma kwa uzito wangu wote, nikitaka baba aumie kiunoni, ageuke, aniangalie, alitaje jina lake sawasawa.

Baba hakugeuka. Alianguka kama gunia. Hapo ndipo tulipoona kwamba alikuwa amesimama kwa mazoea tu. Miguu yake haikuwa yake tena. Maji yalimchukua kuelekea poromoko, kamba ikakazika kwenye shina la mti hadi gome likachubuka, ikamshikilia pale pale mdomoni mwa dimbwi. Bahati aliacha kapu, akatoka majini akilia, akaishika kamba mbele ya mikono yangu, tukavuta pamoja. Tulipomfikisha ukingoni midomo yake ilikuwa ya kijivu na vidole havikukunjika. Hakuwa akitetemeka hata kidogo. Wachungaji waliokuwa karibu walisikia kilio chetu, wakambeba hadi kwenye kibanda chao, wakamvua nguo na kumlaza katikati yao chini ya mablanketi, hadi alipoanza kutetemeka, nasi tukaambiwa kwamba sasa anarudi.

Mama alinisifu kwa majirani kwamba nina sikio, kwamba mtoto mwingine angedhani ni mzaha. Ni kweli, Bahati alidhani ni mzaha. Yeye alipendwa, na anayependwa hana sababu ya kuchunguza majibu. Miaka mingi baadaye, nikisomea uuguzi Mbarara, mwalimu alitufundisha kwamba baridi hushambulia akili na ulimi kabla ya moyo, na kwamba mgonjwa aliyeacha kutetemeka ni wa kuogopwa kuliko anayetetemeka. Wenzangu waliandika. Mimi nilikaa nikiwaza kama baridi huchagua majina yenyewe, au husema tu yale ambayo mtu mwenye joto huyaficha.

Likizo iliyopita nilimwuliza baba kwa nini siku ile alimtaja Bahati. Tulikuwa tukipukuchua mahindi mbele ya nyumba yetu, hapa kambini, na jua lilikuwa kali.

"Sikukuwa na jina hata moja kichwani," alisema. "Nikaona mutoto iko karibu yangu, nikataja ile."

Nilitaka jibu hilo linitoshe. Mimi ni mtu anayewafundisha vijana wa hapa, kila Jumamosi, kwamba ukimbizini hakuna mtoto wa huyu na mtoto wa yule, na ninaamini ninachokisema. Lakini Bahati alipata safari, akahamishiwa ng'ambo; anaishi katika nchi ya theluji, na wikendi huvua samaki kwenye mito ya milimani, amevaa mavazi ya mpira hadi kifuani. Hutupigia simu ya video akiwa ukingoni. Baba haoni vizuri siku hizi, kwa hiyo mimi ndiye ninayemshikia simu. Maji yale hukimbia kwenye kioo, na baba huuliza kama yana kina, kama mawe yanateleza, nani yuko naye. Simu ikikatika hubaki ameketi, uso wake ukiwa bado umeelekezwa mkononi mwangu, akimwita Bahati. Kule mlimani alimtaja aliyekuwa karibu. Sasa aliye karibu ni mimi, hakuna baridi, na jina linalomtoka ni lile lile.