Nilimusomea Rafiki Yangu Barua ya Uongo Niliyoipiga Mwenyewe

Mufiche jina langu, kwa sababu mwenye kudhulumiwa tunaishi naye mutaa moja hapa Kisangani. Mimi ni mujane wa miaka hamusini na saba, mama wa watoto wanne.

Wakati waasi walitawala muji wetu, walimu tulikaa bila mushahara. Nilipata kazi kwa bwana mumoja aliyedai watu kwa niaba ya wafanyabiashara waliokimbia vita. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa barua kwa mashini. Zilikuwa za Kifaransa kikali: tribunali imekuhukumu, usipolipa juma hili utafungwa. Hakuna juge, ni kusema hakimu, aliyewahi kuziona. Muhuri wenye mizani, yule bwana, patron wangu, aliuchongesha sokoni. Yote hayo niliyajua, lakini barua zile ndizo zilileta chakula nyumbani.

Siku moja alinipa jina la rafiki yangu, nitamwita Zaina, fundi wa kushona kutoka Maniema. Alichukua cherehani kwa mukopo, akamaliza kulipa. Najua, kwa sababu siku ya mwisho tulienda dukani pamoja. Ila risiti yake iliungua na nyumba wakati wa mapigano. Nikamwambia patron, "Papa, huyu alishamaliza."

"Risiti iko wapi? Andika, ao kesho usirudi."

Nikaandika.

Kesho yake Zaina akaja kwangu na barua, maana hajui Kifaransa. "Dada, unisomee. Iko inasema nini?" Nikamusomea maneno yangu mwenyewe. Akaniambia, "Lakini nililipa, na wewe ulikuwa pale. Watanifunga kweli?"

Neno "hapana" lingetosha. Mimi nikasema, "Bon, hii ni tribunali. Afadhali uwape cherehani." Siku ile ile aliibeba kichwani, nami nikimusindikiza. Tangu hapo anauza pondu, majani ya muhogo, sokoni, na yeye anamwambia kila mutu kwamba mimi ndiye nilimwokoa na gereza.

Nilidhani mambo yale yalikwisha. Sasa mume wake amekufa, na shemeji yake anataka kumufukuza ndani ya nyumba. Avoka mumoja, wakili, amekubali kumutetea bure, lakini Zaina anakataa kufika tribunali. Juzi nilimuuliza sababu. Akanijibu polepole, "Jina langu iko kule tangu zamani, dada. Nikiingia tu, watanikamata. Wacha wachukue nyumba."

Nikamumiminia chai, tukaongea mambo ya mvua.

Shemeji amemupa mpaka mwisho wa mwezi huu. Nikisema ukweli, ataenda kujitetea, lakini huenda nitamupoteza, na watoto wangu watajua walikulia chakula gani. Juma hili nimefika mulangoni kwake mara mbili. Mara zote mbili nilisema nimekuja kuomba chumvi.

Wandugu, najua lazima nimwambie, hilo musinifundishe. Munisaidie hapa tu: mutu anaanza na neno gani?