Siku Mama Alipotuonyesha Kwao

Bomba la maji likidondoka tone tone mahali pasipo na watu, mimi hurudi utotoni papo hapo. Kwangu hiyo ni sauti ya Desemba. Miezi yote mingine bomba letu pale mtaani Bahati, Nairobi, halikupata hata nafasi ya kudondoka, maana palikuwa na foleni ya ndoo na madebe tangu alfajiri, na akina mama wakigombania zamu kwa maneno ambayo sisi watoto tuliyahifadhi kwa matumizi yetu wenyewe. Shule zikifungwa tu, magodoro yalifungwa kamba, mikate ikajazwa vikapuni, na mtaa mzima ukaelekea ushago. Wiki ya Krismasi ikifika kila mlango una kufuli, na bomba linasikika mpaka ndani kwetu: to, to, to. Tuliokuwa tunabaki ni sisi na paka.

Ushago, kwa asiyejua maneno yetu ya Eastlands, ni nyumbani kwenu mashambani, kule walikozikwa babu zako. Mtoto mwenye ushago alirudi Januari ana mashavu, ana kidonda alichokipata akikwea mpera, na ana hadithi. Mimi nilikuwa na hadithi za paka. Njoroge wa mlango wa pili hakuchoka kuniuliza, "Na nyinyi, kwenu ni wapi?" Nikimjibu kwetu ni Bahati, alicheka mpaka akakaa chini. "Bahati si kwa mtu! Hizi ni nyumba za kanso, za kupanga!"

Nilikuwa na miaka saba, na jambo hilo liliniuma kuliko njaa. Ushago wa baba ulikuwa umepotea: shamba la babu kule Murang'a lilikwenda wakati wa Emajensi, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau, na nyanya akaja Nairobi na baba mgongoni. Ushago wa mama ulikuwa mbali, pwani, kijiji kidogo kusini ya Malindi, alichokiacha akiwa na miaka kumi baada ya wazazi wake kufariki, shangazi yake akamchukua kuja kuishi Pumwani. Huko kijijini alibaki mjomba wake, akiitunza nyumba. Mama aliwahi kumwandikia barua mbili tatu. Hazikujibiwa, lakini kwa mama hiyo haikuwa sababu ya kukata tamaa. Hata jina langu lilitoka huko. Kwa desturi ya kina baba, binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba, na wa pili kwa la mama wa mama. Ndiyo maana dada yangu ni Wambui na mimi ni Mwanamvua, na hakuna mwalimu aliyeamini kwamba tumezaliwa tumbo moja.

Basi mwaka huohuo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, baba akarudi kutoka Gikomba, alikokuwa akitengeneza vitanda, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi zake. Akasimama mlangoni akasema, "Mwaka huu na sisi tunaenda. Mama Wambui, jitayarishe utuonyeshe kwenu."

Mama alikaa kitako. Halafu akainuka, akaanza kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Mimi nilitoka mbio kumtafuta Njoroge, nikamtangazia mbele ya foleni nzima ya bomba kwamba tunaenda ushago wetu, na ushago wetu una bahari.

Sitawachosha na safari ya Mombasa. Nilitapika Mtito Andei, nikatapika tena Voi, na Wambui, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na hakuwahi kumsamehe mtu kosa lolote, aliyaandika majina ya miji hiyo kwenye daftari lake. Tulilala kwa rafiki wa baba, na asubuhi tukapanda basi la kwenda kaskazini. Ndipo nikaiona bahari sawasawa. Nilikuwa nategemea kitu chenye ng'ambo. Nikamwuliza baba kwa sauti ni nani aliyeyamwaga maji yote yale, na basi zima likaangua kicheko. Nilinuna mpaka Kilifi.

Kilifi siku hizo hapakuwa na daraja. Abiria wote tuliteremka, basi likaingia kwenye feri, nasi tukaingia kwa miguu, tukasimama katikati ya magunia na baiskeli. Upepo ulikuwa na chumvi, na wanawake waliuza korosho za kuchoma kwenye vikaratasi vilivyokunjwa. Hapo ndipo mama alipobadilika. Alimwuliza mmoja wao habari za korosho, na mara Kiswahili kikamtoka cha kasi, cha kupanda na kushuka, ambacho sikuwahi kumsikia nacho Bahati. Wakacheka wote wawili, wakashikana mikono, wakaitana "mwenzangu." Baba, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Gikomba, alisimama kando akitafuna.

"Mama yenu amefika kwao kabla yetu," akatuambia.

Jamani, mama alipendeza siku ile! Alikuwa amejifunga leso mpya, na kila kitu alitutajia kwa kidole: mikoko ile, mikanju ile ya korosho, na pale ndipo wanapochoma chokaa. Akatueleza habari za nyumba yao, kisima chake, na baraza ambapo bibi yetu, mama yake, alikaa akisuka ukili wa mikeka. Sisi tulimjua mama wa mahamri, anayekaanga na kuuza mlangoni huku akipigana na moshi. Huyu mwingine nilimwonea fahari mpaka nikasahau kununa.

Tuliteremka kwenye njia panda, tukashika njia ya mchanga. Mama alitangulia, karibu anakimbia, kikapu cha zawadi kichwani: sukari, majani ya chai na shati la mjomba. "Mkipita ule mkwaju," akasema bila kugeuka, "mtaona kisima, halafu nyumba." Mkwaju ulikuwepo. Baada ya mkwaju palikuwa na ua wa waya, mrefu, mpya, na ndani yake nyasi zilizokatwa vizuri mpaka upande wa bahari. Kisima hakikuwepo, wala nyumba hata moja.

Getini alikuwepo askari, kijana wa bara mwenye adabu zake. Alimwamkia mama shikamoo kabla ya kumwambia, "Mama, hapa ni ploti ya mtu."

"Najua ni ya mtu," mama akajibu. "Ni ya baba yangu."

Askari akamtazama baba, na baba akatazama viatu vyake. Yule kijana akaeleza polepole kwamba yeye aliajiriwa akakuta hivi hivi. Alisikia kwamba zamani palikuwa na watu, nyumba zikabomolewa, wakahama, wengine upande wa Tana, wengine hajui. Jina la mjomba hakulijua. Mama akamwuliza, na makaburi? Kijana akaonyesha mahali ndani ya nyasi, akasema anaomba radhi sana, hana ruhusa ya kufungua.

Mama aliushika ule waya kwa vidole vya mikono yote miwili. Hakulia. Afadhali angelia. Kisha akageuka, akanikuta nimemkodolea macho, akasema, "Si hapa. Nimepotea njia. Niliondoka mdogo." Na mimi nilimwamini, kwa sababu mama yangu hakuwahi kuniambia jambo likawa sivyo.

Tulilala Malindi. Kesho yake, wakati wa kurudi, baba akamwomba dereva atushushe Gede. Alisema amesikia pana nyumba za kale za mawe, na haiwezekani watoto warudi Nairobi bila kuona kitu. Nafikiri alitaka tu kumpitishia mama saa mbili tatu kabla ya safari ndefu.

Mlijue lile gofu jinsi lilivyo. Ni mji mzima ndani ya msitu: kuta za mawe ya matumbawe, milango mirefu iliyochongoka juu, ua ndani ya ua, visima, miti imeota juu ya kuta na mizizi yake imeteremka mpaka sakafuni. Kima walikuwa wakitutazama kutoka juu, na hewa ilinuka majani mabichi na popo. Mtunzaji mmoja mwenye kofia alitufuata nyuma, nadhani alihofia tusije tukabeba mawe. Mimi nikatazama kisima. Nikatazama baraza. Nikamvuta mama leso.

"Mama, ndiyo hapa?"

Pale mlangoni tulipoingilia palikuwa na kibao kikubwa cha Kiingereza. Wambui, aliyekuwa akiongoza darasa lao kwa Kiingereza, alikuwa ameshakisoma chote. Nilimwona akifungua mdomo. Kisha akamtazama mama usoni, akaufunga.

"Ndiyo," mama akasema. "Ndiyo hapa."

Basi akatutembeza. Mwanzoni alizungumza kwa sauti ndogo, lakini kadiri tulivyoingia ndani ndivyo ile kasi ya kwenye feri ilivyomrudia. Hapa ndipo bibi yenu alikaa, miguu ameinyoosha hivi, ukili ubavuni. Hapa palikuwa na jiko, na hili kovu la mguuni nililipatia hapa, uji ulimwagika. Hapa nilijificha siku nilipovunja mtungi, na baba yangu alinipita mara tatu akijifanya hanioni. Hapa alilala mama yangu alipougua. Yule mtunzaji alikohoa. Akakohoa tena. Mwishoni akaona heri ageuke awatazame kima.

Sasa alibaki baba. Niwaambie baba yangu alikuwa mtu wa namna gani: mteja akimwuliza kitanda kitakuwa tayari lini, baba alimwambia siku yenyewe, kitu ambacho Gikomba nzima walikiona ni ugonjwa. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba alichougulia bibi, akipapasa mawe mahali ambapo fremu iliwahi kukaa. Halafu akatoa futi yake ya kukunja mfukoni, akaikunjua, akapiga magoti kwenye mchanga na majani, akaanza kupima. Alipima upana chini, akapima katikati, akaandika inchi zake kwenye kiganja kwa penseli.

"Hii mlango itataka mbao ya mvule," akasema. "Mama Wambui, unataka ifungukie ndani ama nje?"

Mama akausogelea mlango.

"Ndani," akasema. "Kwetu milango hufungukia ndani."

Wambui akanishika mkono, yeye ambaye hakuwahi kunishika mkono hata kuvuka barabara ya Jogoo. "Njoo nikuonyeshe chumba chetu," akaniambia, na akanichagulia chenye dirisha.

Januari hiyo hakuna aliyenifikia! Niliwaambia darasa zima kwamba ushago wetu umejengwa kwa mawe matupu, una visima ndani ya nyumba, na choo hutoki nje. Njoroge, ambaye choo cha kwao ushago kilikuwa ng'ambo ya migomba, akaniuliza kama tunaweza kwenda naye mwaka unaofuata. Nikamwambia nitamfikiria.

Nilikaa na nyumba ile miaka saba. Siku moja nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa historia akafungua ukurasa wenye picha, na nikanyoosha mkono niseme hapo ni kwetu. Bahati nzuri alichelewa kuniona. Alikuwa ameshaanza kueleza kwamba mji ule ulihamwa mamia ya miaka iliyopita, na hakuna ajuaye hasa kwa nini. Niliushusha mkono nikajikuna sikio.

Nilirudi nyumbani nimefura. Wambui alinicheka. "Si ilikuwa imeandikwa pale mlangoni?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile wote walijua, hata yule mtunzaji, hata labda wale kima, na wote waliniachia mimi. Nikapanga mambo yote upya kichwani, ua wa waya, vidole vya mama, makaburi ndani ya nyasi, na nikaona kwamba kila alichotusimulia kilikuwa kweli kabisa, isipokuwa mahali. Lakini hasira ya kidato cha pili haishibi ufafanuzi. Nikamwendea mama jikoni, alikuwa akisukuma mahamri, nikamwuliza mbona alinidanganya.

Hakuacha kusukuma.

"Nilikudanganya, ndiyo," akasema. "Ulinivuta leso ukaniuliza, na sikuwa na kitu kingine cha kukupa. Sasa nikawa namwogopa baba yako, maana yeye na uongo hawapikiki chungu kimoja. Nikajua atanikatiza mbele yenu. Nageuka, namwona amepiga magoti mchangani na suruali yake ya kanisani, anapimia mlango watu waliokufa zamani hizo. Ananiuliza ufungukie wapi." Akajipangusa unga kwa mgongo wa mkono. "Mwanangu, pale sikuona tena haja ya kumtafuta mjomba. Nilisema basi. Kwetu ni huyu."