Nilipowaambia Wapimaji Hayuko

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, hapa Kabiria, kuna sheria moja ambayo haijabandikwa ukutani kando ya ile ya kuosha choo kwa zamu. Mtu akibisha geti akiwa ameshika faili, anayemtafuta hayuko. Ameenda ushago, kijijini kwao, na hatujui atarudi lini. Sheria hiyo imewaficha wapangaji wasionekane na watu wa stima waliokuja kukata umeme, na mashemeji wenye hasira, na wahubiri wa Jumamosi. Hata mimi imewahi kuniokoa. Mhariri aliyechoka kungoja muswada wangu alifunga safari hadi getini, na mama wa chumba cha tatu akamwambia nimeenda Kakamega kumzika mjomba. Mhariri alinitumia salamu za rambirambi. Nilimshukuru, na muswada nikaumaliza mwaka uliofuata.

Kwa hiyo siku nilipowaambia wapimaji kwamba jirani yangu hayuko, nilikuwa nikitimiza wajibu wa mpangaji mwema. Hiyo ni nusu ya ukweli.

Jirani yangu ni mwendesha baiskeli wa kulipwa. Alianza kwa kubeba mitungi ya maziwa kutoka Kikuyu hadi Kawangware juu ya baiskeli nzito ya chuma, na miaka mingi baadaye akajikuta katika timu ndogo ya Ulaya, kazi yake ikiwa ni kutangulia mbele na kuwakatia upepo wale waliotakiwa kushinda. Misimu ya mashindano ikiisha alirudi kwenye vyumba vyake viwili vya nyuma ya ploti. Nilimuuliza mbona asihamie mahali pazuri zaidi.

"Huko nani ataniomba chumvi, Prof?"

Wote hapa huniita Prof. Nilianza shahada ya uzamifu nikaiacha katikati, na jina hilo linanicheka na kuniheshimu kwa kiwango kimoja.

Pale Riruta, kando ya Naivasha Road, alikodi kibanda akawa anafufua baiskeli kuukuu zilizoletwa kutoka nje, kisha anawagawia wahudumu wa afya wa mtaani. Wengi ni akina mama wa makamo wanaowapelekea wagonjwa wa kifua kikuu dawa mlango kwa mlango, na kabla ya hapo walikuwa wakitembea. Mchango wangu ulikuwa maneno. Niliandika kijitabu cha kuwaomba wafadhili, nikakipeleka River Road kuchapishwa na mashine ambayo mwenyewe aliipiga kofi kila baada ya kurasa kumi. Ndani yake nilimwita jirani yangu "mtu mwenye mapafu mawili na mioyo elfu". Naomba nisiulizwe zaidi.

Halafu akashinda. Katika umri ambao wenzake walikuwa wakistaafu, alipanda mlima wa Ulaya peke yake akawaacha wote nyuma. Tulimtazama kwenye simu pale kibandani, akina mama wakapiga vigelegele, na kesho yake maswali yakaanza mtandaoni. Mtu wa umri ule hapandi vile kwa maji matupu. Mwingine akaongeza kwamba hawa wa misaada ndio wa kuchunguzwa kwanza: mtu anaiba mlimani, kisha anagawa baiskeli kwa maskini ili asiulizwe. Anatumia baiskeli kama pazia. Hayo niliyasoma mara mbili, kwa sababu pazia lenyewe nilikuwa nimelishona mimi.

Nikaanza kumchunguza. Siku moja niliona bomba la sindano kwenye ndoo ya takataka pale kibandani. Wiki iliyofuata nikamwona akijaza mafuta ya breki kwa bomba la aina ileile, nikahisi nafuu kubwa, nikanunua ndizi za kuchoma kusherehekea. Kabla sijamaliza ya pili nilikuwa nimeshajiuliza ni nani aliyesema bomba lina kazi moja tu.

Waendesha baiskeli wa kiwango chake huwa na muda wa saa moja kila siku ambao lazima waandike mapema kwenye fomu watakuwa wapi; wake ulikuwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja, chumbani kwake. Wapimaji wa dawa za kusisimua misuli huja bila kutangaza. Wakikukosa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, unahukumiwa hata kama hakuna kilichowahi kupatikana mwilini mwako. Yeye walikuwa wameshamkosa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa Kinangop akimzika mmoja wa wale akina mama, na mara ya pili alikuwa Mombasa akihangaikia baiskeli zilizokwama bandarini, akasahau kubadilisha fomu. Alinisimulia akicheka. Mimi nilichelewa kucheka.

Asubuhi waliyokuja mara ya tatu, stima ilikuwa imepotea tangu jana yake. Nilikuwa bombani nikipiga mswaki. Geti likabishwa. Nilifungua kidogo nikaona dada mmoja mwenye faili na kaka mwenye begi la baridi, kama la kuuzia aiskrimu. Dada alitaja jina la jirani yangu.

"Hayuko," nikasema, povu mdomoni.

"Ameenda wapi?"

"Ushago."

"Lini?"

"Jana. Ama juzi. Hawa watu wa baiskeli, unajua hawakai."

Dada aliandika. Walirudi kwenye gari wakakaa humo hadi saa moja kamili, kisha wakaondoka. Niliwatazama kupitia tundu la geti kwa muda wote huo, nikijiona shujaa. Kisha nikaenda kumgongea.

Alifungua akiwa amevaa kikamilifu, viatu miguuni. Nyuma yake kulikuwa na kiti kilichoelekezwa mlangoni.

"Nimekuokoa," nikamwambia. "Walikuja wale watu. Nimewaambia umeenda ushago."

Alinitazama kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha.

"Prof. Umewaambia nini?"

Alinipita akakimbia hadi getini, kisha hadi barabarani. Aliporudi aliegemea ukuta, mkono tumboni.

"Simu imezima, stima hakuna, nikasema wacha nikae hapa, watabisha. Nimebana mkojo tangu saa kumi na moja, Prof. Kila asubuhi nabana, ndio wakikuja nisiwacheleweshe."

Nilimpisha njia ya kwenda chooni, lakini hakusogea.

"Kwani ulidhani watapata nini?"

Hilo ndilo swali, na sijalijibu hadi leo. Ningeweza kusema ni mazoea ya ploti. Lakini mama wa chumba cha tatu aliponificha, hakudhani nimefanya kosa lolote. Mimi nilidhani. Nilimficha kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshamhukumu, kisha nikajipongeza kwa kumpenda hata hivyo.

Niliwaandikia wapimaji barua ya kukiri kwamba nilidanganya. Maisha yangu yote nimeandika, na barua ile ya ukurasa mmoja ilinichukua siku nne. Kikao cha kusikiliza kesi yake kilifanyika kwa video, mimi nikiwa shahidi mezani kwangu na shati la kanisani. Waliniuliza kwa upole: je, nilikuwa na sababu yoyote ya kuamini kwamba jirani yangu hakutaka kupimwa?

Jibu lilikuwa hapana. Hakuwahi kunipa sababu hata moja. Lakini nililikumbuka lile bomba la sindano, nikanyamaza kwa muda ambao ulitosha kuwasikia kuku wa ploti ya pili na pikipiki ikipita. Ndipo nikasema hapana. Katika kisanduku chake kidogo kwenye skrini, jirani yangu aliinamisha kichwa.

Alifungiwa miaka miwili. Walisema ni jukumu la mwanamichezo kupatikana, na kwamba ushahidi wa jirani haukuwasaidia. Timu ilimwacha. Wafadhili walituma barua fupi, nzuri, na kontena la baiskeli lililotarajiwa halikuja.

Kibanda bado kipo. Anarekebisha zile baiskeli zilizokwisha kugawiwa. Majuzi nilimkuta na mama mmoja wa pale Kabiria, mhudumu wa afya, aliyeleta yake ifungwe cheni.

"Kijana wangu," mama alimwambia akijaribu breki, "mimi sijali ulimeza nini huko kwa wazungu. Breki zinashika. Mungu alishakusamehe."

Alimjibu, "Asante, mama." Mama alipoondoka alibaki akifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, hata vilivyokuwa safi. Kila mtu mtaani amemsamehe. Sijasikia hata mmoja akiuliza kama kuna cha kusamehewa. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini aliyeanza kumsamehe kabla ya wote nilikuwa mimi, getini, na povu mdomoni.

Anayefungiwa akitaka kurudi lazima aendelee kujaza fomu, kwa hiyo bado anajaza. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi mimi hufungua geti lote nikaliegemeza kwa jiwe, keyateka, mtunza ploti, analalamika kuhusu mbwa wanaoingia, nami nasimama pale na mswaki wangu. Kufikia sasa hajaja mtu. Ikifika saa moja nasikia kiti kikisogezwa nyuma ya ploti, halafu hatua za haraka, halafu mlango wa choo.