Kitambaa cha Kuchujia Maji ya Baba

Maji ya kwetu yalinukia ubani. Mpaka leo nikipita mahali wanapofukiza, kiu hunishika ghafla, halafu naharakisha kupita. Mama alikuwa na mitungi miwili. Kila baada ya siku mbili alisugua mmoja kwa mchanga, akauanika, kisha akaufunika kifudifudi juu ya chetezo mpaka moshi ukaingia kwenye udongo wenyewe. Maji yaliyowekwa humo yalikuwa na harufu ya sikukuu. Alifundishwa hivyo na mama yake kule Vihingo, na wanawake wote niliowajua walifanya vivyo hivyo. Lakini kabla ya kuingia mtungini, maji yalipita kwanza kwenye kipande cha kitambaa cha merikani kilichokunjwa mara tatu na kufungwa mdomoni mwa mtungi, na kazi hiyo ya kuchuja ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Sina hakika, na nitasema sina hakika mara nyingi humu, kwa sababu nilisoma mpaka darasa la nne tu na daftari la kuandikia mambo yangu nilianza ukubwani.

Tulikaa katika kambi ya shamba la mkonge, upande wa Janga, Waingereza wakiwa bado wanatawala. Mwaka ule wenye shamba walileta bomba. Mashine ilivuta maji mtoni, ikayapandisha kwenye tangi la bati lililosimama juu ya miti minne, na kutoka hapo yakashuka mpaka kwenye koki moja katikati ya kambi. Baba ndiye aliyekabidhiwa koki hiyo. Aliacha kukata mkonge, akapewa kofia na ufunguo wa chuma, na kila asubuhi wanawake walimwita kwa utani, "Haya, Bwana Maji, tufungulie, au mpaka tupige magoti?" Naye alijibu, "Pigeni, nione nani anajua." Nataka niwe mkweli kuhusu bomba lile. Kabla yake tuliteka mtoni, na jirani yetu Mama Zena alikuwa na mkono mmoja kwa sababu ya mamba. Siku koki ilipofunguliwa mara ya kwanza alilia hadharani. Kwa hiyo sitaki mtu asome hapa akadhani bomba lilikuwa baya.

Ila baba aliona haya mama alipoendelea kuchuja. "Maji ya bomba hayachujwi," alisema. "Kesho utachuja na mate yangu." Mama akamjibu bila kuacha kuchambua mchicha, "Kama hayana kitu, kitambaa hakitapata kitu. Wewe una wasiwasi gani?" Lakini kitambaa kilipata. Mara ya kwanza kilipata kutu na vijani, na mama akamwonyesha baba mbele ya shemeji zake waliokuja kumtembelea. Walicheka sana. Baba hakucheka. Usiku ule alisema kwa sauti ya chini kwamba habari ikifika kwa bwana mkubwa kuwa familia ya mtunza koki yenyewe inasema maji ni machafu, atarudishwa kwenye mkonge, na mgongo wake hauwezi tena. Mimi nilikuwa macho. Nilimpenda baba yangu na ile kofia yake.

Wiki chache baadaye, jua likiwa kali na mto umepungua, nilifungua kitambaa nikaona manyoya. Yalikuwa mafupi, ya kijivu, yameshikana na kipande cha ngozi kidogo kama ukucha. Nilitazama nyuma. Mama alikuwa anapuliza makaa, mdogo wangu Shomari ameketi karibu naye anagonga sufuria. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakung'uta kitambaa kwenye migomba, nikakisuuza na kukianika. Siku ya pili yakawepo tena, na ya tatu pia. Siku ya tatu mama alinusa debe akasema, "Leo maji yana harufu. Ni hiyo kutu." Akaongeza ubani. Nakumbuka moshi ulivyokuwa mwingi siku hiyo, na maji yalivyokuwa mazuri. Nikamtekea Shomari kwa kata, akanywa, akaomba tena, nami nikampa.

Shomari alikuwa na miaka mitatu. Aliugua homa iliyopanda kila jioni, na baadaye tumbo likamwendesha mpaka hakuweza kuketi. Watoto wengine wawili wa kambi waliugua pia, wakapona. Mama alikuwa akimpa maji kidogo kidogo, yaleyale, yenye ubani wa kutosha kwa sababu mgonjwa hapewi maji yanayonuka. Siku moja nilimshika mkono nikataka kumwambia. Akaniuliza, "Nini, mama?" Nikasema, "Hakuna." Sijui kwa nini. Nimejieleza mara nyingi katika daftari langu, na kila maelezo nikiyasoma kesho yake naona nimejitetea.

Shomari alipofariki, fundi wa mashine alikuwa amekwisha kupanda kwenye tangi kwa ngazi, maana harufu ilifika kwenye koki na watu walianza kupiga kelele. Bati la juu lilikuwa limefunuka pembeni. Alitoa popo waliooza, akawashusha katika gunia, na baba akalichimbia shimo mbali na kambi. Kumtendea haki, baba hakuwa na ngazi ile wala ruhusa ya kupanda. Alikabidhiwa koki tu. Aliporudi na jembe, wanawake walikuwa wameanza kutayarisha kumwosha mtoto, na mmoja akainua debe lililojaa maji ya bomba. Mama akasema, "Hayo, hapana." Hakupandisha sauti. Kila mtu alimtazama baba. Akavua kofia, akachukua debe tupu, akaenda mtoni peke yake, mahali pale pa mamba ambapo hakuna aliyeteka tena. Tulimsubiri muda mrefu. Aliporudi, akaniomba kitambaa. Alikifunga mwenyewe mdomoni mwa mtungi, vibaya, kwa sababu hakuwahi kufanya kazi hiyo, akaanza kumimina taratibu. Alipokifungua alikitazama sana, akaniuliza, "Hivi kilikuwa kinapata nini siku zote?" Nikasema, "Kutu, baba." Akaniamini.

Baadaye alikuja mtu wa afya, akatukusanya, akatuambia tuchemshe maji mpaka yatokote. Alisema kitambaa hakizuii ugonjwa wenyewe, kinazuia kile kinachoonekana tu, na ubani hauui kitu. Mama alichemsha tangu siku hiyo, ingawa baba alilalamika kwamba maji yaliyochemshwa hayana ladha. Maneno ya mtu yule nimeyashika miaka yote, yananisaidia na hayanisaidii. Ni kweli kwamba kuchuja kwangu kusingemwokoa Shomari. Huenda hata hao popo sio waliomuua, labda ni mto wenyewe, maana vijiji vyote vya juu viliutumia. Lakini kitambaa kilinionyesha siku tatu, na kama ningekwenda jikoni nacho hata siku moja, mama asingeongeza ubani. Angemwaga. Hilo nalijua, kwa sababu nilimjua mama. Wazazi wangu wote wawili wamekufa bila kuambiwa.

Sasa naishi Tumbi na mjukuu wangu wa kike, na maji yanaingia mpaka jikoni. Kwenye bomba amefunga kifaa cha kuchujia, kikopo cheupe chenye pamba ndani, na hata hivyo nachemsha. Mitungi sina. Ubani siuweki nyumbani. Kama enzi zile hospitali ingekuwa jirani kama hapa, pengine Shomari leo angekuwa mzee akiniudhi. Kila mwezi nafungua kile kikopo, natoa pamba, nakwenda nayo mpaka chumbani kwa mjukuu wangu ikidondosha maji sakafuni. "Bibi, ni tope tu, si uoshe?" ananiambia, macho yakiwa kwenye simu. Namwambia najua ni tope. Nasimama pale mlangoni mpaka ainue kichwa aangalie. Akishaangalia, ndipo nakwenda kuosha.