Nguzo za Upande wa Kushoto

Kanisa letu la Mbale lilijengwa na mapadri wazungu waliotaka kuiga makanisa makuu ya kale ya kwao: kuta nene, madirisha membamba kama ya ngome, na safu mbili za nguzo fupi, nene, zilizobeba matao ya nusu duara. Mama yangu, akiwa msichana, alibeba matofali yake kichwani. Alipopofuka, nguzo hizo ndizo zilizomwongoza. Aliingia mlangoni, akanyoosha mkono wa kushoto, akagusa moja baada ya nyingine mpaka benchi lake.

Mimi ni mwanajeshi, nafundisha chuo cha kijeshi cha Kimaka, na nikipata likizo huja kwake, mtaa wa Nabuyonga hapa Mbale. Jumapili ile nilimpeleka kanisani, nikamwachia mkono mlangoni kama apendavyo. Akanyoosha wake. Hakugusa kitu. Akasonga, akapapasa hewa, kisha akajikwaa kwenye benchi na kuanguka mbele ya watu.

Nilipomwinua ndipo nilipotazama. Nguzo zote za kushoto zilikuwa zimebomolewa pamoja na matao yake. Juu walilaza boriti ya chuma, na mbele wametundika skrini kubwa.

Baada ya misa nilimkabili mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

"Afande, zile nguzo zilikuwa zinaziba watu," akasema. "Waumini wanataka kuona skrini. Mwezi ujao tunatoa za kulia."

"Waumini gani mliowauliza?"

"Kamati ilikubali."

"Mama alijenga hapa. Nani alimwambia?"

Akatabasamu. "Mama ni mzee, afande. Hata hiyo skrini hataiona."

Nimekaripia maofisa wazima kazini, lakini aliyemjibu huyu ni Mama, goti likimvuja damu.

"Niitieni padri."

Padri alipokuja, Mama hakupayuka. Alimwambia tu kwamba hatoki humo mpaka asikie kazi imesimama. Wanawake wa kwaya wakarudi kuketi naye. Alasiri padri akakubali: za kulia hazitaguswa kabla waumini wote hawajakutana. Walikutana, wakakataa zisivunjwe.

Sasa Mama hupita kulia. Anasema amezoea. Mimi sijazoea. Mwenyekiti bado hukaa benchi la mbele, chini ya chuma chake, na hunisalimia kwa adabu kila nikija. Simwitikii.