Mawe ya Foleni ya Igogo

Mwaka wa njaa, sabini na nne, sisi wa Igogo hatukupanga foleni kwa miguu. Tulipanga kwa mawe. Unaweka jiwe lako mlangoni pa duka la ushirika, unakwenda kivulini kungoja unga wa njano, ule tuliouita wa Yanga, na ole wake atakayelisogeza jiwe la mwenzake. Mimi Akeyo nilikuwa na jiwe jeusi la ufukweni na ulimi mkali wa kulilinda.

Aliyeyapa mawe yale uhai ni Ma Josepha. Alikuwa Mhaya, mke wa katekista, na ziwa alilivuka mara moja tu maishani, siku alipoletwa kuolewa, akilia melini tangu Bukoba hadi Mwanza kwa kuogopa maji. Kwao hakurudi tena. Siku moja unga umechelewa na watu wameanza kutukanana, akaniambia, "Akeyo, jiwe lako limechoka kukaa. Limeondoka kutafuta unga lenyewe. Limefika mtoni, daraja hakuna. Linafanyaje?"

Nikamjibu kwa hasira kwamba linaogelea. Akafungua pindo la kanga, akatoa punje tano za kahawa, zile Wahaya wanazompa mgeni atafune, akaniambia nirushe. Punje ya kahawa ina tumbo bapa na mgongo wa mviringo. Migongo ikizidi, umefaulu. Matumbo yakizidi, pole yako. Migongo ilizidi, nikavuka, na kwa muda nikasahau njaa.

Mchezo ukaanzia hapo. Kila jiwe likawa mtu mwenye jina na kipaji kimoja: nguvu, akili au maneno. Ukijaribu jambo la kipaji chako, unaruhusiwa kurusha mara mbili. Mmoja anakuwa mshika njia. Wewe unamwuliza, "Naona nini?" naye anakujibu, kisha unasema unachofanya, na punje zinaamua.

Usidhani ilikuwa kazi ya siku moja. Mwanzoni kila safari ilipita migombani, kwa wafalme wa Kihaya, hadi Nkwabi wa kiwanda cha pamba akang'aka, "Mimi Msukuma, mgomba wa nini? Mazimwi yetu yanakaa porini!" Mwingine angenuna. Ma Josepha alikaa akafikiri, halafu akaanza kufuta. "Sheria ikitaja mgomba," aliniambia, "inamfukuza asiye na mgomba." Alifuta migomba, akafuta wafalme, akafuta hata ziwa. Kilichobaki kiliweza kubeba hadithi ya mtu yeyote, ng'ombe wa Wasukuma na mamba wa kwetu Mara. Nimewaona wasomi na wenye vyeo vyao. Wanajua kuongeza. Yule mama alijua kupunguza, na nilimheshimu sana kwa hilo.

Kisha akaja Malimi, balozi wetu wa nyumba kumi. Alisimama mbele yetu, fimbo kwapani.

"Mama, unarusha punje, halafu unawaambia watu yatakayowapata. Hiyo kama si ramli ni nini? Jioni nakupeleka tawini kwa chama, na mchezo huu basi."

Hata waganga walirusha punje kama zile. Mke wa katekista kuitwa mpiga ramli mbele ya foleni nzima, kanisani angeuweka wapi uso wake? Nilimwona akizikusanya punje zake kiganjani, na moyo uliniuma.

"Ndugu balozi," akasema, "umewahi kuona mganga akimpa mtu mkoba wake?"

"Sijaona. Akiutoa atakula nini?"

"Basi kaa hapa." Akamtilia punje kiganjani. "Ushike njia wewe. Akeyo atakueleza sheria. Mimi nitacheza."

"Hadithi za Kihaya sizijui."

"Lete za kwenu."

Nilimweleza, na akaelewa upesi kuliko alivyotaka. Akaanza kwa sauti ya mkutanoni: nchi imekauka, kimebaki kisima kimoja, na ndani yake kuna nyoka. Taratibu fimbo ikashuka chini, na sauti ikawa ya mtu aliyemkumbuka bibi yake.

Ma Josepha alinyanyuka akalichukua jiwe lake kutoka kwenye foleni. Miezi yote ile lilikuwa halijasafiri mchezoni hata mara moja, kwa kuwa mshika njia alikuwa yeye siku zote, na mshika njia hasafiri.

"Mtu wangu ni msichana," akasema polepole. "Haogopi maji. Anaruka kisimani."

Akarusha. Matumbo matupu.

Malimi akakohoa. "Rudia, mama. Ni upepo."

"Sheria haina upepo, balozi. Nimemezwa."

Wakati huohuo karani wa duka akafungua mlango, akaita jiwe la kwanza. Lilikuwa langu, lakini sikunyanyuka. Malimi aliinua mkono bila kugeuka.

"Subiri kidogo, ndugu karani. Kuna mtu tumboni mwa nyoka."

Tulicheka hadi machozi. Ma Josepha hakucheka. Alijisogeza karibu na Malimi, jiwe lake kifuani, akamkazia macho.

"Mshika njia," akamwuliza, "naona nini?"