Kuku Aliyekula Stesheni

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Kiomboi, televisheni ilitazamwa gizani. Betri ya gari iliyoiendesha ilikwenda kuchajiwa mjini na kurudi imefungwa kwenye baiskeli, na mafuta ya taa yalinunuliwa kwa kikombe. Kuunguza vyote viwili usiku mmoja niliona ni ufujaji. Basi nikaweka sheria: televisheni ikiwaka, kibatari kinazimwa, na hakiwashwi tena mpaka dada aseme.

Dada ni mimi. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikabaki na wadogo zangu watatu: wa kiume aliyenifuata, wa kike aliyemfuata yeye, na kitindamimba, msichana ambaye wakati huo hakuwa na meno ya mbele. Nilizunguka vijijini kununua kuku nikawauzia wachuuzi waliowapeleka Dar es Salaam kwa malori. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila mtu ananunua na kila mtu anauza, na vitu tulivyozoea kuviona kwa wakubwa tu vikaanza kuingia hadi kwenye nyumba za tembe. Ndivyo ilivyoingia televisheni yetu, ndogo, ya rangi, na rimoti yake ndani ya mfuko wa nailoni. Nailoni hatukuitoa. Tuliikaza kwa mpira ili vumbi lisipite.

Shida ni kwamba gizani vitufe vyote ni kimoja. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akitaka kuongeza sauti anabadilisha stesheni, akitaka kurudi anazima kabisa, na ugomvi uliozuka ulikuwa unamaliza betri kuliko kipindi chenyewe. Mwishowe nilichukua solusheni ya kuzibia pancha nikabandika punje juu ya nailoni: alizeti kwenye sauti, mtama kwenye stesheni, na kunde moja nene kwenye kitufe cha kuwashia na kuzimia, ili asiyetaka kuzima asijidanganye. Kuanzia hapo tukawa tunatazama televisheni kama watu walioko shambani.

"Dada, papasa alizeti, sisikii."

"Nani kagusa kunde? Nauliza, nani kagusa kunde?"

Baada ya mavuno ya mwaka huo, baba mkubwa alituma salamu kutoka Singida mjini: anakuja kutuona, na akirudi ataondoka na kitindamimba. Tangu msibani alikuwa akisema nyumba ya watoto watupu haina mkubwa, watoto wagawanywe kwa ndugu. Nilimwomba anipe muda nijaribu. Sasa alikuwa anakuja kukagua, na nilijua akikuta vurugu, mdogo wangu anakwenda, na wengine watafuata.

Tulifagia mpaka uani kukang'aa. Kitindamimba alinitazama nikifunga nguo zake kwenye kanga.

"Dada, nikienda huko nitarudi lini?"

"Hujaenda bado," nilimwambia. "Nenda kanawe uso."

Baba mkubwa alifika alasiri.

"Shikamoo baba mkubwa!" tuliimba wote.

"Marahaba. Hamjambo? Huyu meno yake yako wapi?"

"Yanaota, baba mkubwa."

"Hm," alisema, kama vile hata meno hayo yalikuwa jukumu langu. Kisha akazunguka. Akapima gunia la mtama kwa jicho, akainua mfuniko wa mtungi, akabonyeza godoro. Kuku niliokuwa nimenunua walikuwa ndani wakisubiri lori la kesho yake, nao walimpisha kwa kelele. Sisi tulikuwa jikoni tunahangaika na ugali wa mgeni. Hakuna aliyekumbuka kwamba rimoti iko juu ya kigoda, na kwamba kwa kuku ile ni sahani.

Tulipomaliza kula, nikawasha televisheni kwa mkono ili mzee apate taarifa ya habari. Rimoti nikampa kwa mikono miwili, maana mbele ya mkubwa wako huwezi kukaa umeishika wewe. Halafu nikapuliza kibatari.

"Mbona unazima taa? Mnaishi kama popo?"

"Televisheni yenyewe ina mwanga, baba mkubwa."

"Haya. Sauti ndogo."

"Papasa alizeti, baba mkubwa."

"Nipapase nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza, kisha tukasikia nailoni inachakarika kwa muda mrefu. Msomaji wa habari alikuwa ananong'ona kama mtu anayesengenya.

"Hapa hakuna alizeti," alisema baba mkubwa. "Mtama haupo. Kuna kitu chenye unyevu." Akanusa kidole. "Mavi ya kuku!"

"Kuku kala stesheni!" kitindamimba alipiga kelele. Mdogo wangu wa kiume akaanza kucheka kwa pua, ile namna ya mtu anayejiziba mdomo kwa shati.

"Nyamazeni. Ngoja... nimeipata! Hii hapa, kubwa." Akabonyeza kwa nguvu zote.

Ilikuwa kunde.

Giza lililoingia hapo lilikuwa la ndani ya chungu. Mahali fulani kuku mmoja alijikohoza.

"Washeni kibatari," alisema baba mkubwa.

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema washeni taa!"

Nilisikia pumzi za wadogo zangu, wote watatu. Kumnyima mzee taa, na mzee mwenyewe ndiye aliyekuja kutugawa! Kisha sauti ndogo isiyo na meno ikasema, kwa heshima zote, "Baba mkubwa, dada hajasema."

"Washeni," nikasema.

Wote watatu waliinuka mara moja. Vichwa viligongana, kigoda kikaanguka, kuku wakapata wazimu, na mmoja wao akatua juu ya kofia ya baba mkubwa. Kiberiti kilipowaka, mzee alikuwa ameketi wima, kuku kichwani, rimoti kifuani, ananiangalia mimi. Si kuku aliyekuwa anamsumbua.

"Kwa hiyo mimi hapa ni mgeni," alisema.

"Hapana, baba mkubwa, tusamehe, hawa watoto..."

"Nimesema mgeni, sikusema nimekasirika. Niondolee huyu ndege. Halafu tafuta hiyo alizeti yako, nataka habari."

Tulipobandika punje mpya habari zilikuwa zimeisha. Alitazama matangazo ya sabuni mpaka mwisho, akipandisha na kushusha sauti kwa kidole gumba, akitabasamu peke yake.

Asubuhi hakugusia habari ya kumchukua kitindamimba. Nami sikuthubutu kuuliza. Tulimsindikiza wote hadi kwenye basi la Singida, kitindamimba amekumbatia kifurushi chake cha kanga, amenawa uso vizuri. Konda aliuchukua mkoba wa mzee, akatuangalia, akamwangalia mtoto na kifurushi.

"Wangapi, mzee?"

Baba mkubwa alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi.

"Mmoja," alisema. "Huyu kwao ni hapa."